Moshi katika Marashi ya Mawaridi

Saa tatu na dakika kumi za asubuhi, Jumatatu moja ya Januari mwaka 1969, nilifungua chupa ya marashi ya mawaridi niliyoinunua dakika chache kabla, nikainusa, nikaamini kwamba nimeibiwa. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na daftari la mistari, na kila jambo lililonitatiza nililiandika humo pamoja na wakati wake. Sikusoma zaidi ya chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Mengine yote, hata kusoma herufi za kizungu, nilijifundisha mwenyewe kwa vibandiko vya dawa na magazeti ya kufungia sukari, na mtu aliyejifundisha hivyo hujizoeza kutoamini jambo mpaka aliandike.

Marashi yale yalinuka moshi. Waridi lilikuwamo, lakini moshi ulitangulia, na moshi ule niliufahamu.

Lazima nieleze kwanza habari ya uso wangu, maana yote yaliyofuata yalianzia hapo. Nilikuwa na miaka arubaini na tatu na bado nilikuwa na uso wa mafuta kama msichana. Ukifika mchana, paji la uso na pua hung'aa, na chunusi mbili tatu hukaa kidevuni hazitoki. Unguja dawa yake tuliijua. Jioni mtu hujisugua liwa, unga wa msandali uliolowekwa, akaosha, kisha akachovya pamba katika marashi ya mawaridi akajifuta uso mzima, vinyweleo vikakaza na mafuta yakapungua mpaka kesho yake. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi niliendelea tangu nilipovunja ungo.

Tulipofika Maskati baada ya mambo ya mwaka 1964, niliendelea vilevile. Lakini baridi ya huku ilinichanganya. Kwetu Disemba na Januari ni kaskazi, joto na unyevu, uso unaloa wenyewe. Huku miezi hiyohiyo hutoka upepo mkavu bara, maji ya kuogea yanauma vidole, na uso wangu ulifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: paji linang'aa mafuta, na pembeni mwa midomo ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Watu wa hapa waliniambia uso wa mafuta hauhitaji kitu wakati wa baridi. Sikuwaamini. Nilijipaka marashi mara mbili badala ya mara moja.

Nilikaa Matrah, bandari jirani na Maskati, katika nyumba ya kaka yangu, mimi mjane, pamoja na mkewe, yaani wifi yangu, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mwepesi kuliko wangu. Mtaani petu zilikuwapo nyumba sita za watu wa Unguja, na nyumba hizo zilikuwa na desturi ya kuniuliza kabla ya kununua kitu. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumeuziwa asali iliyochemshwa kwa sukari guru, na samli ambayo nusu yake ilikuwa mafuta ya nazi. Mimi ndiye niliyegundua yote mawili. Tangu hapo, nikisema chukueni, walichukua, na nikinyamaza, waliacha.

Aliyeniuzia marashi alikuwa bibi mmoja kutoka milimani, juu ya Nizwa, kunakolimwa mawaridi. Alikuwa mwembamba, mwenye buibui lililopauka, na umri wake sikuweza kuukisia. Wakati wa baridi alishuka kukaa na binti yake Ruwi, na kila baada ya wiki mbili alikuja Matrah na dumu la kioo lililosukiwa ukili. Wenyeji wa Matrah walikuwa na wauzaji wao wa siku zote. Yeye alikuwa na milango sita tu, na yote sita ilikuwa yetu. Alinieleza hayo mwenyewe siku ya kwanza, bila kulalamika: fedha atakazopata kwetu kwa mizunguko minne ndizo atakazonunulia ngano, kahawa na sukari ya kupanda nayo mlimani mwezi wa Machi, na ndizo zitakazomweka mpaka mawaridi mapya yachanue. Hana shamba la tende wala mwana wa kiume. Nilimsikia vizuri. Nayaandika haya ili ieleweke kwamba sikufanya nilichofanya kwa kutojua.

Sasa moshi. Katika nyumba zetu, kama Unguja, maji ya kunywa hayanywewi makavu. Mtungi humwagwa ukakaushwa, ukapinduliwa juu ya chetezo chenye ubani, ukashiba moshi, ndipo ukatiwa maji. Maji yale yanakuwa na harufu yake, nzuri, na mtu wa kwetu huijua hata akiwa amefumba macho. Marashi tuliyoyazoea, yale yaliyokuja Unguja kwa chupa kutoka ng'ambo, yalikuwa meupe kama hewa na hayakuwa na moshi hata chembe. Kwa hiyo niliponusa moshi katika chupa, fikira ilikuja moja kwa moja: huyu kaongeza maji ya mtungi.

Na mtungi ulikuwa wapi? Ulikuwa ukumbini, hatua mbili kutoka alipokaa. Na alipofika aliomba nini? Aliomba maji. Nilimpa kata, nikaingia ndani kuleta kahawa na fedha, na niliporudi chupa yangu ilikuwa imekwisha jazwa na kizibo kimekazwa.

Nilimwuliza palepale, kwa Kiarabu changu cha vitabuni, "Bibi, mbona yananuka moshi?"

Akaniangalia, akasema, "Kwa sababu yametoka motoni, binti yangu."

Nikadhani ananidhihaki.

Wifi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, yule bibi wa watu na mkono wake ule mkavu, akuibie maji ya mtungi kwa kata? Angeiba mtungi!"

"Usicheke. Nusa."

Akanusa. Kicheko kikapungua. "Kweli bwana. Harufu ya mtungi wetu hii."

"Umeona."

"Nimenusa. Kuona sijaona."

Hilo lilinikaa. Niliamua kuona.

Nilipanga majaribio mawili. La kwanza lilikuwa juu ya uso. Nilikwenda sokoni kwa Mhindi mmoja muuza dawa na manukato, nikanunua chupa ya marashi ya mawaridi meupe, yenye kibandiko kilichochapwa picha ya waridi na maneno niliyoweza kuyasoma yote. Bei yake rupia tatu, na ya bibi ilikuwa mbili. Kuanzia siku ile nilipaka ya dukani shavu la kulia na ya bibi shavu la kushoto, asubuhi na jioni, kwa pamba mbalimbali. Kila adhuhuri nilikata vipande viwili vya karatasi nyembamba ya kaka yangu ya kusokotea sigara, nikavibandika mashavuni kwa hesabu ya pumzi ishirini, nikavitazama penye mwanga. Karatasi ikinywa mafuta huwa kama kioo. Niliandika ukubwa wa doa: kama dengu, kama kunde, kama sarafu ya baisa.

Kaka yangu alilalamika kwamba karatasi zake zinakwisha. Wifi hakulalamika, alipata mchezo.

"Leo shavu gani lina zamu ya kucheka?" akiniuliza kila asubuhi. Au akisema mbele ya wageni, "Msimkalie upande wa kulia, wa kulia ni wa dukani, una kiburi."

Baada ya siku tano shavu la kulia lilikuwa limekaza hata nikicheka lavuta. Liliuma kidogo likipakwa. Ngozi ilianza kubanduka, na karatasi ya adhuhuri ilionyesha doa kama baisa. Shavu la kushoto lilikuwa kimya. Halikuuma wala kubanduka, na doa lake lilikuwa kama dengu.

Mtu yeyote asiye na shaka moyoni angejua la kusema. Mimi niliandika hivi, na maneno bado ninayo: "Ya dukani yana nguvu, yanatoa mafuta nje na kubandua ngozi mbovu. Ya mlimani hayafanyi kitu, kwa kuwa ni maji." Kibandiko kilichochapwa nilikiamini kuliko shavu langu.

Jaribio la pili lilikuwa juu ya mtungi. Jumatatu ya mzunguko wa pili niliamka alfajiri, nikaumwaga mtungi wa ukumbini, nikaukausha, nikaufukiza ubani vizuri ili harufu iwe mpya, nikaujaza. Kisha nikapiga mstari wa chaki ndani ya shingo, pale maji yalipofika. Watu wa nyumbani niliwawekea maji ya kunywa katika gudulia jingine ndani, na nikamkataza kila mtu kuugusa mtungi.

"Hata nikifa kiu?" wifi akauliza.

"Gudulia lipo."

"La gudulia halina ubani wa leo."

"Leo utavumilia."

Bibi alikuja karibu saa tatu. Aliomba maji. Nilimletea kwa bilauri kutoka gudulia, ili asiwe na sababu ya kuugusa mtungi, nikaingia ndani kama kawaida. Nilikaa ndani muda uleule wa kumimina kahawa. Niliporudi chupa ilikuwa imejaa. Akanywa kahawa yake vikombe vitatu, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaniombea heri, akaenda zake kwenye milango mitano iliyobaki.

Nikaufunua mtungi. Maji yalikuwa chini ya mstari kwa nusu ya upana wa kidole.

Nilimwita wifi aone. Aliinama, akapima kwa kidole chake, akanyanyuka polepole. "Haya," akasema. "Sasa nimeona." Na hakucheka.

Alhamisi ya wiki ile wanawake wa nyumba zetu walikutana kwa kahawa kwa jirani yetu, mama mtu mzima ambaye ukumbi wake ulikuwa mkubwa kuliko yetu. Sikwenda kwa nia ya kusema. Majaribio yangu yalikuwa hayajakamilika, na nilijua hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeandika daftarini jaribio la tatu: kuchemsha kijiko cha marashi mpaka kikauke na kutazama kilichobaki. Nilikuwa bado sijalifanya. Lakini mwenye nyumba aligeuka kwangu akasema, "Bi, na yule bibi wa mlimani, mzunguko ujao tuchukue?"

Nikasema, "Mimi, kwa sasa, sichukui."

"Kuna nini?"

Nikanyanyua kikombe changu nikanywa. Niliona huo ni uangalifu. Nilijisemea kwamba sijamtuhumu mtu, sijataja kosa.

Mwanamke mwingine akasema, "Anachanganya huyo! Nami nilisema, yananuka mtungi!" Wa tatu akasema hata rangi yake haikumpendeza. Wa nne akakumbuka kwamba bibi huomba maji kila anapokwenda, na wote wakatazamana. Ingekuwa rahisi kusema, ngojeni, sijamaliza kupima. Nilikitua kikombe nikaomba tende.

Mzunguko wa tatu bibi alikuja kwangu mwisho badala ya mwanzo. Ilikuwa karibu na adhuhuri, nami nilikuwa na karatasi mbili mashavuni. Nilizitoa haraka nikamfungulia mwenyewe. Dumu lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Hakuomba maji.

"Binti yangu," akasema, "kuna msiba mtaani?"

"Hapana, bibi."

"Nimepiga milango mitano. Mmoja umefunguliwa, nikaambiwa wana marashi ya kutosha. Minne nimesikia watu ndani wananong'ona, na hawakufungua."

Alinitazama uso, akatazama shavu la kulia lililokuwa jekundu.

"Umejiunguza na nini?"

"Baridi tu."

"Baridi haichagui upande," akasema. Kisha akauliza, "Na wewe unayo ya kutosha?"

Nikasema ninayo. Akainama akalichukua dumu lake. Lilikuwa zito, alilishika kwa mikono miwili, na ukili wa pembeni ulikuwa umefumuka. Nilimwangalia akiteremka uchochoro ule mpaka alipopinda. Hata wakati ule, namwomba Mungu msamaha, nilikuwa nikijiuliza kama uzito ule ni wa marashi au wa maji.

Kilichonigeuza kilikuwa kioo.

Nilikuwa nikijipaka uso mbele ya kioo kidogo kilichosimama juu ya sanduku langu. Kabla ya kupaka nilinawa kwa maji ya kisima kutoka bakulini, na matone yalirukia kioo. Marashi nayo yalirukia nilipokamua pamba. Kioo kile nilikifuta kila Ijumaa tu. Siku mbili baada ya bibi kuondoka, jua la asubuhi liliingia kwa pembeni, nikaona kioo kina madoa. Upande wa bakuli kulikuwa na vidoa vyeupe, vingi, kama chumvi iliyonyunyizwa. Upande wa kushoto, nilipokamulia pamba ya mlimani, tone lilikuwa limekauka likaacha kivuli chembamba cha hudhurungi, na hakuna nyeupe hata moja.

Nilikaa chini. Maji ya visima vyetu yalikuwa na chumvi, kila mtu alijua. Birika la chai lilikuwa na ganda jeupe ndani ambalo wifi alilikwangua kwa kisu. Maji ya mtungi ni maji yaleyale ya kisima, ubani hauondoi chumvi. Ikiwa bibi alitia maji ya mtungi katika marashi, nyeupe ingebaki.

Nilifanya sasa jaribio ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Kijiko kimoja cha maji ya mtungi juu ya makaa mpaka kikauke: likabaki ganda jeupe, nikaliramba, chumvi. Kijiko kimoja cha marashi ya bibi: kikabaki kivuli kama chai nyepesi, hakina ladha ya chumvi. Nikarudia mara tatu, kwa chupa zote mbili nilizonunua kwake. Jawabu moja. Kisha nikachemsha ya dukani. Kabla hayajachemka yalishika moto, mwali wa buluu juu ya kijiko, nikakitupa. Ilikuwa spiriti iliyotiwa harufu. Wiki nne nilikuwa nikijipaka spiriti shavu moja katika upepo mkavu wa Januari, na nikaisifu kwa kunibandua ngozi. Mafuta yote yale ya adhuhuri yalikuwa shavu likijaribu kujitetea.

Lakini mtungi? Maji yalipungua, nilipima mwenyewe.

Ijumaa, kaka na wifi walipokwenda kwa jamaa tangu alfajiri, nilibaki peke yangu. Niliufanyia mtungi kama siku ile: nikaumwaga, nikaukausha, nikaufukiza, nikaujaza, nikapiga mstari. Nikafunika kwa kitambaa, nikafunga kamba kwa fundo ninalolijua mimi. Nikakaa ukumbini na mshono wangu, mlango nimeufunga kwa komeo. Saa nne nikafungua. Maji yalikuwa chini ya mstari kwa nusu ya upana wa kidole, na kidogo zaidi.

Udongo uliokaushwa kwa moto wa ubani ulikuwa na kiu kuliko bibi. Uliyanywa maji, na upepo wa bara ukayafuta upande wa nje. Unguja mitungi hutoka jasho vilevile, lakini katika hewa yetu nzito jasho hilo ni la taratibu, na kipimo nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa cha Unguja. Sikuwa nimefikiri kwamba kipimo nacho huhama na mtu.

Wifi aliporudi nilimwonyesha vijiko, kioo na mtungi. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Kwa hiyo hakuiba."

"Hakuiba."

"Na moshi?"

"Sijui."

"Hujui! Wifi, umepima kila kitu katika nyumba hii isipokuwa kumwuliza mwenyewe."

"Nilimwuliza. Akasema yametoka motoni."

"Basi si ndiyo jawabu lenyewe?"

Jumamosi kaka alinitafutia nafasi katika lori la rafiki yake lililokwenda Ruwi, nami nikaenda nikiwa nimeshika bakuli la halua. Ruwi wakati ule ilikuwa bustani, visima na nyumba chache. Nilimkuta bibi uani kwa binti yake, akichambua dengu. Alinikaribisha kwa heshima kamili, akaniuliza hali ya kila mtu nyumbani, na halua akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akarudia dengu zake, akangoja.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na chaki, kwa sababu niliona nikificha chaki nitakuwa nimemdanganya mara ya pili. Binti yake aliacha kufua akasimama. Bibi hakuacha dengu.

"Ulidhani natia maji yenu?" akauliza.

"Nilidhani."

"Na kwa nini niliomba maji, ulidhani vipi? Mtu akija kwa miguu kutoka Ruwi mpaka Matrah na dumu kichwani, haoni kiu?"

"Na mbona ulijaza chupa nikiwa ndani?"

"Mnakimbilia kuleta kahawa kabla sijakaa. Kahawa ikifika, ninywe au nimimine?"

Binti yake alicheka, kicheko kikavu. Bibi akanyanyuka, akaniletea kutoka jikoni chungu cha udongo kilichokuwa cheusi nje na ndani ya mdomo, na mabakuli mawili ya shaba. Mlimani anavyo vikubwa zaidi, alisema, hivi ni vya binti yake. Akanionyesha kwa mikono. Mawaridi huwekwa chunguni, bakuli moja hukaa ndani juu ya mawaridi, na la pili, lenye maji baridi, huziba mdomo wa chungu kwa juu. Moto wa kuni huwashwa chini, katika jiko la mawe na udongo lisilo na dirisha, tangu alfajiri. Mvuke hupanda, ukigusa bakuli la baridi hugeuka matone, matone huanguka bakuli la ndani. Baadaye hutiwa katika jitu la mtungi mpaka yatulie wiki nyingi.

"Siku nzima mimi mwenyewe nimo ndani ya moshi huo," akasema. "Macho yangu yanatoka machozi. Moshi nitaufukuza wapi? Watu wetu marashi yasiyo na moshi hawanunui. Husema hayo hayakupikwa."

Nilitoa fedha nilizochukua. Nilisema nitanunua chupa yangu, na za nyumba tano, za mzunguko uliopita na za ujao, chupa kumi na mbili, kwa bei yake ya rupia mbili.

"Sina," akasema.

"Dumu lilikuwa limejaa."

"Liliporudi limejaa, binti yangu alisema tusingoje. Siku zimebaki chache, na ngano haingoji. Jana tumempa Mhindi wa sokoni yote, ya dumu na ya akiba, chupa kumi na mbili. Kachukua kwa nusu rupia chupa."

Nikamnyoshea fedha hivyohivyo. Aliutazama mkono wangu. "Sijakuuzia kitu. Unilipe nini?"

Nikamwambia ni fidia. Neno lile nililijua kwa Kiarabu, ni la vitabuni, na lilitoka kinywani mwangu kama hukumu ya kadhi. Akatikisa kichwa. Fedha ya bila bidhaa ni sadaka, alisema, na sadaka apewe anayeomba. Alinimiminia kahawa. Tulizungumza habari ya uso wangu, akaniambia nisipake mara mbili wakati wa baridi, mara moja ya jioni inatosha, na uso ukiwa bado na majimaji ya kunawa, kisha tone la mafuta ya uto, yale ya ufuta, hata kwa uso wa mafuta. Nilimsikiliza, na baadaye nilifanya hivyo, na ulikuwa ushauri sahihi.

Nilipoaga nikamwuliza kama baridi ijayo atakuja Matrah.

"Mungu akinifikisha, Ruwi nitashuka. Milango yenu sitaipiga. Anayetaka, Ruwi anaijua."

Jumapili nilizunguka nyumba tano. Kusema lile neno la Alhamisi kulinichukua muda wa kumeza funda la kahawa. Kulifuta kulinichukua siku nzima. Nyumba mbili zilinielewa. Ya tatu walisema hawakumbuki nilisema nini. Ya nne mwenye nyumba alisema, "Bi, wewe si mtu wa kukosea, basi ulikuwa na sababu yako," na nilivyozidi kueleza alizidi kunikonyeza, kana kwamba nimelazimishwa. Ya tano walinionyesha chupa mpya waliyoinunua sokoni asubuhi ile, yenye kibandiko cha waridi. Nikainusa. Ilikuwa ya bibi, moshi uleule. Mhindi ameiuza kwa rupia tatu.

"Haya ndiyo marashi," wakaniambia. "Yananukia kama ya zamani. Yule wako alikuwa akitutilia maji."

Niliwaeleza. Hawakuamini, kwa kuwa chupa ilikuwa na kibandiko.

Usiku huo sikuandika juu ya uso wala mashavu. Niliandika chupa kumi na mbili, rupia mbili alizostahili na nusu rupia aliyopata. Bibi alipanda mlimani mwezi wa Machi na pungufu ya rupia kumi na nane.